Jirani Aliye Mbali Kuliko Johannesburg

"Tonton, Congo haiko."

Mpwa wangu alikuwa amekaa chini kwenye saruji, magoti yamemfika kidevuni, maneti mkononi, kile kidude cha kuchezea. Kwenye televisheni kulikuwa na orodha ya nchi kwa Kifaransa, na konsoli, ile mashine ya michezo ya video, ilikuwa inangoja tuchague moja ili akaunti yake ifunguke. Nilimwambia aangalie muzuri. Akapanda na orodha mpaka juu, akashuka tena polepole, safari hii akisoma kwa sauti kama mwalimu anayeita majina asubuhi: Colombie, Corée, Costa Rica, Croatie.

Kati ya Kolombia na Korea ndipo tulipotakiwa kuwa. Hapakuwa na kitu.

"Basi weka Ubelgiji," nilimwambia. Ilikuwa karibu na juu, Kifaransa kipo, na mimi nilitaka kula. Konsoli ikauliza mji, tukaandika Bruxelles. Ikauliza namba ya posta, tukaandika 1000, maana hiyo ndiyo niliyokuwa naikumbuka. Dakika tano tu, mtoto wa miaka 14 wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, akawa Mbelgiji.

Babu yangu alizaliwa Élisabethville, yaani hapahapa, kabla mji haujabadilishwa jina mwaka 1966. Yeye naye aliwekwa chini ya Ubelgiji bila kuulizwa, akangoja mpaka 1960 ndipo akatoka. Kitukuu chake amerudi kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Nilicheka sana usiku ule. Nilimsimulia yaya, yaani dada yangu mkubwa, mama yake mtoto, naye akacheka. Halafu zikapita wiki tatu, na bado nilikuwa najikuta kwenye foleni ya basi nikisoma ile orodha kichwani.

Colombie, Corée.

## Mshindi anabaki

Niseme kwanza mimi ni mtu wa aina gani, ili mnisamehe baadaye. Nililelewa na chumba cha Play, chumba cha kulipia michezo, cha Kamalondo, mtaa mwingine wa hapa. Televisheni mbili zenye mgongo mkubwa, PlayStation 2 mbili zilizofunguliwa vifuniko ili zipate hewa, benchi moja ya mbao, na pazia mlangoni ili jua lisiguse kioo. Ulilipa mechi, si saa. Mshindi alibaki, aliyeshindwa alisimama na kurudi mwisho wa mstari kama mtu aliyefukuzwa kwenye kumbukumbu ya marehemu.

Pale hukucheza na timu ya mwenzako. Ulicheza na mwenzako mwenyewe. Kwenye penalti hakuna aliyetazama kioo, wote tulitazama vidole. Kuna kijana alikuwa anafunika maneti na shati lake, anapiga penalti tumbo wazi, na bado tulimsoma kwa bega. Bega la kulia likishuka kidogo, mpira unakwenda kushoto.

Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba kesho ya mchezo huu ni mtandao, kila mmoja kwake, na adui ni jina lenye namba nyuma yake, mimi nilikuwa nimeshajibu kabla hajamaliza. Bega utalionea wapi?

Nilikuwa na jibu hilo kwa miaka mingi, na lilinitosha.

## Nyumba ambayo wao waliifikiria

Watu wa konsoli wenyewe hawakuwa na uhakika, tusidanganyane. Mwaka 1999 kampuni ya Sega walipoingiza konsoli yao Dreamcast Marekani, walitia modemu ndani ya mashine, unachomeka waya wa simu ya nyumbani na unakwenda kucheza na mtu wa mji mwingine. Mwanzoni mwa 2001 wakatangaza kwamba wanaacha kuitengeneza. Mwezi wa Novemba 2002 Microsoft wakafungua Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni kwa konsoli yao Xbox, na hao waliikataa kabisa simu ya waya: kama huna intaneti ya kasi, hii si yako. Watu waliona ni kiburi. Kumbe ndiyo iliyofaulu.

Nikifikiria historia hiyo nikiwa Katuba, naona kitu kingine. Kila hatua ilikuwa na nyumba fulani kichwani mwake. Kwanza nyumba yenye simu ukutani. Halafu nyumba yenye intaneti inayolipwa kwa mwezi, isiyohesabiwa. Halafu nyumba yenye kadi ya benki: PlayStation 3 iliruhusu kucheza na wenzako mtandaoni bure, lakini kuanzia PlayStation 4 mwaka 2013 michezo mingi ikadai ada. Leo ni nyumba ambayo umeme haukatiki usiku na inaweza kumeza gigabaiti hamsini bila mtu kupiga kelele.

Sisi simu ya ukutani tuliiruka. Wengi wetu intaneti ya mwezi tumeiruka. Konsoli ya mpwa wangu inakula kutoka kwenye simu ya mama yake, ambayo yaya anaiweka juu ya friji ili ikamate vizuri, na hakuna kupiga simu mpaka mechi iishe.

Wasiocheza hawajui jambo moja. Mechi yenyewe haili mega, yaani data. Konsoli inatuma tu habari ndogondogo, nimebonyeza hapa, nimekimbia pale, na saa nzima ya hayo ni pungufu ya video chache za WhatsApp. Mlaji ni sasisho. Unawasha baada ya wiki mbili, unaambiwa mchezo umebadilika, lete gigabaiti nyingi ndipo tukufungulie. Kwa mega za kununua kwa siku, sasisho moja ni pesa ya bukari, ugali wetu, ya wiki. Tulifanya kama wengi wanavyofanya: tulibeba konsoli ndani ya begi la shule, tukaipeleka kazini kwa rafiki yangu ambako kuna fibra, intaneti ya waya wa kasi, ikalala pale Ijumaa usiku kama mgonjwa aliyetundikiwa maji.

Na umeme. Tarehe 15 Aprili 2010 Microsoft walizima Xbox Live ya zile Xbox za kwanza. Wachezaji kadhaa wa mchezo wa Halo 2 wakagundua kwamba asiyezima mashine yake hatatolewa, basi wakaziacha zinawaka, siku baada ya siku, mpaka wa mwisho akatoka mwezi wa Mei. Wenzetu wanaisimulia kama hadithi ya mashujaa. Mimi nilipoisoma niliwaza delestaji, mgawo wetu wa umeme. Hapa tungetolewa siku ileile saa kumi na mbili jioni, pamoja na friji.

(Sitaanza habari ya shaba na kobalti zilizo ndani ya mashine hizo. Kila anayeandika kutoka Lubumbashi huishia hapo, nami nimechoka.)

## Hatua arobaini

Kilichonigeuza hakikuwa hayo yote. Kilikuwa ukuta wa jirani.

Kwenye avenyu yetu, nyumba ya nne kutoka kwangu, kuna kijana mwenye konsoli kama ya mpwa wangu. Nilihesabu kwa miguu: hatua arobaini kutoka kizingiti mpaka kizingiti. Siku moja ya mvua watoto hawakutaka kutoka, wakaamua kucheza kila mtu kwake. Mchezo wao ni wa mpira, wa bure, na ni wa aina inayoziunganisha konsoli mbili zenyewe kwa zenyewe, haupiti kwenye seva kubwa katikati.

Ilikuwa aibu. Mchezaji anakimbia, anaganda, anatokea mita tano mbele kama mchawi. Mpwa wangu anapiga shuti, mpira unaondoka baada ya kipa kumaliza kuruka. Baada ya dakika kumi walikuwa wanapigiana kelele kupitia madirisha, kila mmoja anamshitaki mwenzake kwamba mega zake ni za bei rahisi. Na sauti za madirishani zilikuwa zinafika kabla ya mpira.

Siku hiyo jioni, kwa ukaidi tu, nilimwambia mpwa wangu amtafute mdogo wangu aliyeko Johannesburg. Simu ileile juu ya friji, mvua ileile.

Mpira ukatembea. Si kama benchi la Kamalondo, lakini ukatembea.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili, halafu nikaenda kumuuliza yule rafiki yangu wa fibra, ambaye kazi yake ni hizi nyaya. Alichora nyuma ya risiti. Mwanga ndani ya fibra unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivi. Kutoka hapa mpaka Johannesburg kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 1,600, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 16. Nyaya hazinyooki, zinavuka mpaka wa Kasumbalesa, zinazunguka Zambia, kila mtambo njiani unachukua chake, basi ongeza mara mbili, mara tatu. Bado unacheza. Brussels ni zaidi ya kilomita 7,000: hata ungenyoosha waya kama kamba ya fundi, milisekunde 70 na kitu kabla mtu yeyote hajakosea. Mchezo unaonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 16 na kidogo. Ukichelewa 150, mwenzako amekutangulia picha tisa. Kwenye penalti, picha tisa ni bega zima na mkono wake.

"Na jirani?" nilimuuliza. "Hatua arobaini?"

Akacheka. Akaniuliza simu ya yaya ni ya mtandao gani, na ya jirani ni ya mtandao gani. Ni miwili tofauti. Akachora duara mbili mbalimbali, na kutoka kila duara akatoa mstari mrefu mpaka ukingo wa risiti. "Unafikiri hawa wanakutania wapi?"

Nilidhani ni kwenye mnara wa Katuba, au mjini. Lakini mitandao miwili hukutana pale tu ambapo wenyewe wamekubali kukutana. Ikiwa hawajaunganishwa hapa, barua ya mpwa wangu kwa jirani inatoka nchini, inakwenda mpaka huko ambako mitandao yote ina mlango, mara nyingi Ulaya, halafu inarudi njia ileile ndefu na kushuka nyumba ya nne. Johannesburg ilikuwa njiani tu. Jirani alikuwa ng'ambo ya bahari.

Dawa inajulikana na wala si ya maajabu. Ni chumba chenye mitambo ambamo mitandao ya mji mmoja inapeana data uso kwa uso. Kinshasa kuna KINIX, Goma kuna GOMIX, na hapa kwetu kuna LUBIX. Nilikuwa sijawahi kusikia hilo jina, na nimeishi mji huu miaka yangu yote. Kilichobaki, alisema rafiki yangu, ni kila mtandao kupitisha humo mizigo yote ya watu wake, hata ya watoto wanaocheza mpira, si ile tu inayoupunguzia mtandao gharama.

Alinionyesha pia kitu kilichonikaa kooni: Kinshasa na Johannesburg ziko karibu umbali mmoja kutoka Lubumbashi. Basi mimi nikawaza, mpwa wangu ana binamu Kinshasa ambao hajawahi kuwaona. Atawaona akina nani kwanza kwenye kioo, hao au Wabelgiji wenzake?

## Simu isiyo na ombi

Lakini nimeruka jambo. Ile mechi ya jioni na mdogo wangu.

Aliondoka 2011. Tunapendana, sina shaka. Ila simu ya kutoka nyumbani kwenda kwa mtu aliyeko nje ina uzito wake, kila mtu anaujua. Akiona namba yangu tu, sauti yake inakaa sawa, kama mtu anayevaa koti. Nani amekufa? Nani amelazwa? Ni kiasi gani? Na mimi nikijua anafikiri hivyo, napiga mara chache zaidi, na kwa sababu napiga mara chache, nikipiga kweli kuna aliyekufa. Miaka kumi na kitu tumeishi hivyo.

Mpwa wangu alinipa maneti dakika ya sitini, tumefungwa mbili. Nikavaa kisikilizi chake, kinabana masikio. Nikasikia birika linachemka Johannesburg.

"Nani huyo anashika sasa?" mdogo wangu akauliza. "Mpira umeanza kutembea kizee."

Hatukusema kitu cha maana kwa saa mbili. Aliniambia kuhusu soli ya kiatu chake. Nilimwambia juu ya mwembe wa mama uliokatwa nusu. Kukawa na kimya kirefu mara nyingi, na kimya kile hakikuwa na ubaya, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Kwenye simu kimya cha sekunde tatu kinatisha, unakitafutia maneno upesi. Pale tulikaa kimya dakika nzima tukitafuta pembeni ya uwanja, halafu yeye akasema, kana kwamba tumelala kitanda kimoja kama zamani: "Unakumbuka yule wa kufunika maneti na shati?"

Tukaenda mpaka penalti. Nilipiga kulia, akaruka kulia.

"Bado unapumua kwa nguvu kabla ya kupiga," alisema. "Nasikia kwenye mikrofoni."

Basi bega liko. Limehama tu.

Sitaki kudanganya kwamba tangu siku hiyo kila kitu ni shwari. Wiki iliyofuata mega zilikwisha, iliyofuata hakukuwa na umeme, iliyofuata yeye alikuwa zamu ya usiku. Tumecheza mara nne kwa jumla. Na nina wasiwasi mwingine, wa upande wa pili: mpwa wangu akiwa peke yake hachezi na mjomba wala jirani. Anacheza na yeyote, na nimesikia yale anayoambiwa na yeyote huyo kupitia kile kisikilizi, Kifaransa cha watu wazima wasio na adabu. Kwenye benchi la Kamalondo kulikuwa na mwenye chumba aliyekutoa nje kwa sikio kwa neno moja tu. Sijui sikio la mtandaoni linakamatiwa wapi. Kwa sasa sheria yangu ni mlango wazi na sauti itoke kwenye televisheni, na sheria hiyo inavunjwa kila nikitoka.

## Mwenye chumba

Nilirudi Kamalondo wiki iliyopita kumuuliza yule mwenye chumba. Amezeeka, televisheni zake zimekuwa bapa, bei ni faranga 500 kwa mechi. Benchi ni lilelile, nililijua kwa alama ya kisu.

Nilimwambia habari ya hatua arobaini, nikachora duara zangu mbili. Nilikuwa nimefika na mpango mzima: aweke fibra, masasisho yashushwe pale usiku kwa wote, wenye konsoli wa mtaa walipe kidogo kuja kujaza mashine zao kama wanavyojaza betri. Halafu mashindano na chumba kingine cha mtaa wa Ruashi, na kingine cha Goma, kila timu kwenye benchi lake. Mabenchi mawili, mtandao katikati. Nilijiona kama waziri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yule wa Goma akishinda, nani anasimama hapa?"

Sikuelewa.

"Hapa aliyeshindwa anasimama, mwingine analipa, anakaa. Mimi nakula kwa ule anayesimama. Huyo wako wa Goma akishinda mara kumi, anabaki Goma, na mimi ni watu wangu kumi wamesimama bure." Akafikiri kidogo. "Labda walipe wote wawili. Na jenereta anunue nani?"

Ile ya kushusha masasisho usiku, lakini, aliniuliza mara mbili ni bei gani. Aliandika namba ya rafiki yangu kwenye ukuta, kwa chaki, chini ya orodha ya wenye madeni.

## Namba ya posta

Juzi shangazi yake mpwa wangu, wa upande wa baba, alimtumia zawadi ya kumaliza mwaka wa shule: kadi ya euro ishirini ya kununulia michezo, yaani namba ndefu tu ndani ya ujumbe, iliyonunuliwa dukani Paris. Mtoto aliandika herufi moja moja, ulimi nje. Konsoli ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa tena, ikaeleza kwamba namba hii ni ya akaunti za Ufaransa.

Yeye ni Mbelgiji.

Nilijaribu kumweleza. Alinitazama kama mtu anayeelezwa kosa ambalo hakulifanya, na kweli hakulifanya, nililifanya mimi kwa sababu ya njaa. Nikamwambia nitampigia shangazi, labda duka litarudisha. Alikuwa hanisikilizi tena. Alikuwa ametoka kwenye akaunti yake, amefungua ukurasa mpya, orodha ya nchi imerudi, na kidole gumba kilikuwa kinashuka nayo haraka, bila kusoma, kama mtu anayepita mtaa anaoujua. Alipita Colombie, akapita Corée, hakusimama.

"Tonton," alisema, "shangazi kule Paris anakaa posta namba ngapi?"

Nilikuwa naijua, kwa sababu ya vifurushi vya makayabu, samaki wa chumvi, tunavyomtumia.

"75018," nilimwambia.